Juisi ya Jirani Mpya

Jumamosi iliyopita niliwaalika rafiki zangu wachache nyumbani kwangu hapa Gitega. Haikuwa karamu ya makuu, unanijua: sambusa, karanga, mayai ya kuchemsha yaliyokatwa katikati na kunyunyiziwa pilipili, na jagi la juisi ya marakuja. Kabla ya kuwamiminia wageni nilijimiminia kidogo, nikanywa mbele yao. Binti mmoja tunayefanya naye kazi, anayeniita tantine kama shangazi yake, akacheka, "Tantine, kiu yako haingoji hata wageni?" Nikacheka naye. Simlaumu, maana siku hizi kila mgeni hupewa chupa yake imefungwa, akaifungua mwenyewe, basi. Lakini walipoondoka, nikiwa naosha glasi, mawazo yalinirudisha Muyinga, kwa bibi yangu, kwenye Jumapili moja ambayo sijaisahau hadi leo.

Ngoja kwanza nikueleze desturi yenyewe. Kwetu, zamani, anayetoa kinywaji alikuwa anaonja kwanza. Iwe pombe ya mtama kwa majirani zetu Wakristo, iwe chai ya tangawizi kwetu Waislamu, mwenye nyumba alikunywa funda moja mbele ya mgeni, ndipo akampa. Chupa nayo ilifunguliwa mbele ya macho yako. Hakuna aliyetaja sumu, hilo halikuwa neno la kusema sebuleni, lakini kila mtu alijua maana ya lile funda la kwanza. Mtu aliyepewa kinywaji kisichoonjwa alishukuru, akakiweka chini ya kiti, na hapo ndipo kilipobaki.

Nililelewa na bibi katika mtaa wa Waswahili, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kibaraza cha fundi cherehani. Nilikua nikisikia mashine ya fundi asubuhi hadi jioni, adhana upande huu na kengele ya kanisa upande ule, na mafuta ya bibi yakichemka juu ya mbabura, jiko letu la makaa. Bibi aliishi kwa kuuza sambusa. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa na kukunja manda, na kila nilipokunja vibaya alikuwa akiniambia, "Hii umeifungia nyama ama umeifungulia mlango?" Alikuwa mtu wa mzaha hivyo, mchana kutwa. Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni funga. Baada ya Idi alifunga zile siku sita za sunna, ambazo lazima ziishe ndani ya mwezi uleule wa Idi, na alijisifu kwangu, mimi peke yangu, kwamba tangu aolewe hajakosa kutimiza sita hata mwaka mmoja. Ndiyo mali yake pekee niliyowahi kumsikia akijivunia.

Mwaka ninaokusimulia alishikwa na homa, akachelewa. Zilifika siku za mwisho za mwezi akiwa amefunga tano. Ya sita aliipanga iwe Jumapili, tarehe ishirini na tisa ya mwezi wetu. Mwezi ukiandama jioni ile, nafasi imekwisha. Mimi tu ndiye niliyejua amefunga.

Jumapili hiyohiyo jirani mpya alikuwa amewaalika wanawake wa mtaa. Alikuwa mama mwenye watoto wawili, Mkristo, aliyezaliwa na kukulia Tanzania. Wazazi wake walikuwa wamekimbilia huko kutoka Mwakiro, mkoani kwetu, lakini aliporudi alikuta shamba lao linalimwa na watu wengine, akaja mjini kupanga chumba wakati akisubiri kurudishiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooka, na sisi watoto tulikuwa tukimpita makusudi ili tumwamkie, tusikie "marahaba" yake. Lakini wakubwa walikuwa na swali. Nani anawajua watu wake? Kwenye bomba la maji walikuwa wakilizungusha swali hilo kwa upole, na wakati ule mtu asiyejulikana watu wake hakuazimwa hata moto. Karamu ile alikuwa ameiandaa wiki nzima ili awe na majirani.

Na alikuwa ameiandaa, jamani. Viti vya kuazima vilipangwa kuzunguka kuta, chini pamepigwa deki mpaka pananukia sabuni. Sahani za visheti, karanga, viazi vya kukaanga. Kisha akatoka jikoni na sinia kubwa, glasi kumi na mbili zimeshajazwa juisi ya marakuja na nanasi, kila moja imefunikwa kisahani inzi wasiingie. Kule alikokulia ndiyo heshima yenyewe: mgeni asione shida ya kumimina, aletewe tayari. Akawagawia mmoja mmoja akipiga goti, kisha akasimama katikati akitabasamu, akisubiri.

Hakuna aliyekunywa. Mwalimu wa shule ya msingi alishika glasi yake kwa mikono miwili na kuitazama. Mke wa fundi alifunua kisahani, akakifunika tena. Mwingine alianza kusifu mapazia. Nikaona glasi ya kwanza inashuka taratibu chini ya kiti, na ya pili ikifuata. Tabasamu la yule mama lilibaki usoni lakini macho yalianza kuzunguka, akitafuta kosa lake. Kumwambia aonje kungekuwa kumwambia mbele ya watu wote kwamba wanamwogopa. Mwanamke aliyeambiwa hivyo hakai tena mtaa ule.

Ndipo bibi akajiinua, na magoti yake yale. "Bon," akasema kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, "mi ni muuza chakula, mi sidanganywi. Nataka nijue huyu mama ametia sukari sawasawa kwa wote, ama iko mwenye alipendelewa." Wanawake wakacheka kidogo. Akachukua glasi yake, akanywa funda zima. Nilifungua mdomo nimkumbushe kwamba amefunga. Aliniangalia mara moja tu, nikaufunga. Ilikuwa alasiri, amebakisha muda mfupi tu jua lizame, na kinywa chake kilikuwa kikavu tangu alfajiri.

Hakuishia kwenye yake. "Leta yako nionje," alimwambia mwalimu, akaonja. Akaenda kwa mke wa fundi, akaonja, akatikisa kichwa kama hakimu. Aliinama akatoa glasi zilizokuwa chini ya viti, akazionja nazo, akawarudishia wenyewe mikononi. Alizunguka chumba kizima, glasi kumi na mbili, na kila aliyerudishiwa yake hakuwa na la kufanya ila kunywa. Mwisho akamgeukia mwenye nyumba: "Iko sawa zote. Ya mwalimu ndiyo imezidi tamu, mais huyo ni mwalimu, tunamsamehe." Chumba kizima kikacheka, mikono ikaingia kwenye viazi. Nilikuwa na miaka tisa tu. Nilijua nimeona jambo kubwa kabisa, na kwamba nimeliona mimi peke yangu.

Jioni bibi alisimama uani kuangalia upande wa magharibi. Kulikuwa na mawingu kidogo, kisha yakaondoka, na mwezi haukuonekana. Baadaye habari ikatoka msikitini kwamba haukuandama popote, kesho ni thelathini, siku ya mwisho ya mwezi. Sijawahi kumwona bibi akifurahi namna ile. "Unaona," akaniambia, "Mungu ameniongezea siku moja." Alfajiri aliamka akala ugali uliolala na maji mengi, akafunga tena.

Jumatatu adhuhuri tulikuwa tumekaa kizingitini, mimi nachambua maharage, pale jirani alipokuja na jagi limejaa na glasi moja. Macho yake yalikuwa mekundu. Mke wa fundi alikuwa amemweleza bombani desturi yetu ya kuonja. "Shikamoo bibi," akasema. "Mimi sikujua. Kule nilikokulia kinywaji kinaletwa tayari, ndivyo tulivyofundishwa. Wewe ulinisitiri." Kisha akapiga goti mbele yetu, akamimina, akanywa nusu glasi mbele ya macho ya bibi, taratibu, kama anayeapa. Iliyobaki akampa kwa mikono miwili.

Nilimtazama bibi. Yule mama hakujua chochote kuhusu funga yake. Neno moja tu, "nimefunga", na lingekuwa kweli tupu. Bibi aliipokea ile glasi kwa mikono miwili naye, akasema bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho. "Sasa umekuwa mtu wa hapa, mwana wanje," akamwambia, yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu. Yule mama akalia, na bibi akamwomba amwongeze nyingine.

Alipoondoka, mimi ndiye niliyekuwa na machozi. Nilimuuliza bibi kwa nini hakumwambia tu, si angeelewa. "Angeelewa," akasema. "Mais angerudi kwake na jagi imejaa. Mtu akirudi na kinywaji chake mkononi, hakileti tena." Kisha akaniambia niharakishe maharage.

Jirani yule alipata sehemu ya shamba lao miaka miwili baadaye, akahamia Mwakiro. Kibaraza cha fundi kimekuwa duka la simu. Bibi amelala makaburini Muyinga, na wanawake waliokunywa siku ile wengi wametangulia naye, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kwamba alikuwa amefunga. Mimi niliolewa huku Gitega, na mtaa wetu ni mzuri, watu wanasalimiana, kila mmoja ana geti lake. Tangu niolewe nafunga sita kila mwaka. Sijakosa hata moja, rafiki yangu, na kila zinapotimia naona haya, kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyenigongea mlango nikafunga tano kwa ajili yake, kama bibi mwaka ule.