Tanga la Siku Tatu

Duka la baba lilikuwa Mchafukoge, la masufuria na mabeseni, na mbele yake alisimamisha bomba la chuma alilochomelewa na mafundi wa mtaa wa Gerezani ili apate pa kupandishia bendera ya taifa. Hakuna aliyemtuma. Alizaliwa mji huu huu, na baba yake pia, lakini nywele na rangi vilitosha watu kumwita Mwarabu na kumuuliza kila mara kwao ni wapi. Nadhani bendera ndiyo ilikuwa jibu lake. Aliipandisha akifungua duka, akaishusha kabla ya Magharibi, na sisi wanawe hatukuthubutu kuiacha iguse sakafu. Aliifua mwenyewe kwa mkono, asimwachie hata mama.

Jirani yetu muuza vipuri naye alikuwa na bendera. Kamba iliingia fundo, bendera ikakwama katikati ya mlingoti, ikakaa hapo usiku na mchana, kwa jua na mvua, mpaka kijani chake kikawa kama majivu. Yeye hakuna aliyemuuliza kwao.

Kisha nchi ikafiwa na kiongozi wake. Redio ikatangaza maombolezo na bendera nusu mlingoti. Baba akaishusha yetu mpaka katikati, akatandika mkeka barazani na kukaa matanga, kama amefiwa na ndugu. Majirani walikuja, kahawa ikapikwa. Siku ya tatu ikasomwa khitma, pilau ikaliwa. Baada ya dua baba alisimama, akafungua kamba na kuipandisha bendera mpaka juu kabisa. Kwetu tanga huanuliwa siku ya tatu. Redio ilitaja siku nyingi zaidi, lakini kichwani mwa baba hizo zilikuwa siku za maofisi. Msiba wa mtu uliyempenda ulikuwa na siku tatu, basi.

Masufuria ya pilau hayajaoshwa, akaja bwana mmoja wa ofisi ya mtaa na mgambo wawili. Alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, na shikamoo hakutoa.

"Mzee, nani kakwambia upandishe?"

"Tumeanua tanga, mwanangu. Leo siku ya tatu."

"Hilo tanga la huko kwenu. Huu msiba wa taifa."

"Kwetu wapi?" baba aliuliza.

Mgambo mmoja aliishusha bendera, akaikunjakunja na kuitia kwapani, ncha yake ikiburuta kwenye vumbi. Bwana yule akanyoosha kidole kwenye bendera iliyokwama ya jirani.

"Jifunze kwa mwenzako. Mbona yeye anajua taratibu?"

Jirani aliinamia vipuri vyake. Sijamsamehe mpaka leo, maana mdomo wake ulikuwa bado unanukia pilau yetu.

Baba hakununua bendera nyingine. Bomba likawa la kutundikia mabeseni ya kuuza. Mteja akimuuliza kwao wapi, alijibu, "Huko huko unakodhani," akaendelea kufunga mzigo. Zamani angemsimulia mtaa mzima, nyumba kwa nyumba.

Mwaka jana alifariki. Tulifunga turubai mbele ya duka, na bwana yule yule akaja kutoa pole kwa niaba ya mtaa. Safari hii alimwamkia kila mtu mzima aliyemkuta. Alipewa kiti na kahawa, kisha akaniinamia.

"Mzee mnamzika hapa, au anasafirishwa kwao?"

Najua, mjini hapa kila mfiwa huulizwa hivyo. Lakini kutoka kinywani mwake swali lile lilinichoma, nikataka kumnyang'anya kikombe. Nilimwambia mzee anazikwa kwao, ni hapo tu, tunampeleka kwa miguu, na kama ana nafasi aje ashike jeneza.

Akatazama saa yake. Alisema ana kikao, ila kahawa aliimaliza kwanza.