Hakuna cha Kuripoti

Nephtali Likinda alikuwa na miaka thelathini na tisa alipopewa kitanda cha chuma katika kituo cha kufundishia maafisa wa jeshi, kando ya barabara ya Bangboka. Katika kitanda cha juu yake alilala kijana aitwaye Trésor, ambaye siku Nephtali alipovaa kombati kwa mara ya kwanza alikuwa bado ananyonya. Wengine waliliona hilo kuwa kichekesho. Nephtali hakucheka.

Alizaliwa Yanonge, baba mvuvi, mama mvuvi zaidi ya baba. Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na tisa, akapanda polepole kama mtu apandaye mnazi bila kamba: koplo, sajini, mwishowe adjudant. Hicho ndicho cheo ambacho askari asiye na diploma hukifikia, akakaa hapo mpaka mvi zimkute. Mkewe Gertrude, anayeuza samaki wa moshi sokoni Makiso, alimwambia wazi siku alipoleta barua ya kukubaliwa, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Odile, weye na goti yako ile, utaenda kukaa kwenye banc ya masomo na batoto? Muzoea punda hapandi farasi."

"Nitapanda," alijibu.

Hakumwambia sababu, ingawa Gertrude aliijua. Miaka tisa iliyopita, huko mashariki, Nephtali alimwambia luteni wake kijana kwamba njia ile ya bondeni ilikuwa mbaya. "Mon lieutenant, hii njia, hapana." Luteni alisema ndiyo, ni hii hii, wakapita. Watu watatu walikufa kabla ya saa sita mchana, na Nephtali ndiye aliyewabeba. Tangu siku hiyo alikuwa na hasira moja tu maishani: kwamba adjudant hushauri, afisa huamua, na asiyesikia la mkuu huvunja guu la mwenzake. Alitaka kuwa yule anayeamua. Basi. Mambo ya mshahara alimwachia Gertrude ayaote.

Lakini kituo hakikumpenda. Mwezi wa pili alikwisha kupata blâme mbili, yaani maonyo mawili ya maandishi ndani ya faili. Ya kwanza ililetwa na goti, lililomfikisha wa mwisho katika mbio za kilomita kumi. Ya pili ililetwa na Kifaransa: aliandika amri ya mashambulizi, ikaanza Kifaransa na kuishia Kilingala. Blâme ya tatu ilikuwa na maana moja, kurudi kikosini kwake akiwa adjudant yule yule, na mwaka ujao umri ungekwisha kumfungia mlango.

Vijana wale thelathini na wawili, wengi wametoka chuo kikuu juzi, hawakumdharau. Laiti wangemdharau! Walimwita papa. Kila siku mmoja wao alikuwa chef wa siku, akiongoza wenzake tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili ya kesho yake, na kila chef alipofika mbele ya Nephtali sauti ililainika.

"Papa, weye bakia hapa. Shimo, sisi batoto tutachimba."

Mwanzoni aliona raha, na goti lilishukuru zaidi yake. Nani mjini hapa angemtuma mtu wa umri wa baba yake achimbe choo? Heshima ni heshima. Kisha mwisho wa mwezi wakapewa vikaratasi, kila mmoja aandike majina matatu ya wenzake ambao angekubali kuwafuata vitani. Matokeo yalibandikwa ukutani. Nephtali alisoma orodha toka juu hadi chini, akairudia toka chini hadi juu. Jina lake halikutajwa hata mara moja. Yeye peke yake kati ya wote ndiye aliyewahi kupigwa risasi, na hakuna mtoto mmoja aliyetaka kumfuata. Iliuma, na aliulaza uchungu huo tumboni bila kumwonyesha mtu.

Siku ya mambo yenyewe, chef wa siku alikuwa Benie. Huyu alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye diploma ya sheria, baba yake karani aliyekuja kutoka Maniema. Mwembamba, mwenye macho ya kumtazama mtu bila kupepesa. Walikuwa katika matembezi ya silaha kupitia michikichi, jua likiwa kali, na Benie aliona Nephtali anachechemea.

"Papa, kaa nyuma. Tembea polepole tu."

Akakaa nyuma. Hata akaketi, juu ya gogo, akasugua goti lake kwa mafuta ya mawese aliyoyabeba ndani ya kichupa. Bunduki aliiegemeza kwenye mti. Aliposikia filimbi alinyanyuka, akajifuta mikono, akawakimbilia wenzake kwa mwendo wake wa bata. Walikuwa wamekwenda kama mita mia mbili waliposikia sauti ya mwanamke ikiita nyuma.

"Ba papa soldat! Ba papa! Mumesahau kintu huku!"

Alikuwa mama mwenye kikapu cha mihogo kichwani. Alisimama mbali na ule mti, akinyoosha kidole kuelekea bunduki kama mtu aliyeona nyoka. Moïse, mtundu wa kikosi, alirudi mbio akaileta.

"Papa, umeacha bibi yako kwa barabara," alisema, kwani askari huambiwa bunduki ndiyo mke wake, na wote wakaangua kicheko.

Kicheko kilikufa upesi, kwa maana hata mtoto wa jana jeshini anajua kwamba askari haachi bunduki. Nephtali mwenyewe, alipokuwa sajini, aliwahi kumfungia askari wiki nzima kwa kosa hilo. Aliipokea bunduki huku mikono ikiteleza kwa mawese. Benie alikwisha kutoa daftari ya siku, ile ambayo chef huandika kila tukio na saa yake. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Saa ine na dakika makumi mbili," alisema, akitazama saa yake.

Nephtali aliiona blâme ya tatu ikiandikwa. Alimwona Gertrude akimpokea mlangoni bila kusema neno. Na hapo akafanya jambo ambalo hata sasa hapendi kulisimulia: alimsogelea binti yule, akashusha sauti, akaongea kama baba wa nyumba.

"Ngoja kwanza, mutoto yangu. Hii iko mambo ya kwetu. Mi nakuambia, nimekaa jeshini miaka makumi mbili. Kuna vitu ya kuandika na vitu ya kuacha. Funga ile daftari."

"Lakini papa, sheria, règlement..."

"Mi iko sawa na papa yako. Nisikilize."

Wengine nao wakaunga mkono. Chef, achana nayo, papa huyu amechoka, bunduki imekaa pale dakika mbili tu. Benie aliwatazama, akamtazama Nephtali kwa kitambo, kisha akafunga daftari. Walirudi kituoni wakiimba, na Nephtali aliimba kwa sauti kuliko wote.

Saa kumi jioni walijipanga mstari mbele ya Kapiteni Séverin, mkuu wa mafunzo, mtu mfupi asiyepaza sauti kamwe. Kabla ya mstari, Nephtali alikuwa amemwona kapiteni langoni akizungumza na chifu wa kijiji jirani, chifu akirusha mikono. Yule mama wa mihogo amekwisha kusema! Sasa atangoja atajwe? (Baadaye ilijulikana kwamba chifu alikuja kwa ajili ya mbuzi walioingia uwanja wa shabaha. Mbuzi tu. Lakini mwenye hatia kila mlio ni wake.)

Benie alipiga hatua mbele, akapiga saluti. "Rien à signaler, mon capitaine." Hakuna cha kuripoti.

Na kabla kapiteni hajajibu, Nephtali alitoka mstarini. Sehemu moja ya mwili wake ilisukumwa na aibu, kwa kweli, na sehemu nyingine ilisukumwa na woga wa yule chifu, na sijui ipi ilisukuma zaidi.

"Mon capitaine, kuna ya kuripoti. Niliacha bunduki yangu kwa njia. Mimi mwenyewe."

Kapiteni aliwageukia vijana.

"Mumeona? Huyu ni askari. Hakuna mutu alimuuliza, na yeye amesema. Faute avouée, kosa ya kuungama, ni nusu imesamehewa. Candidat Likinda, Jumapili mbili bila ruhusa ya kutoka. Blâme, hapana." Ndipo akamgeukia Benie. "Na weye umenidanganya mbele ya kikosi. Chef anayetoa ripoti ya uongo huua watu. Kufunga begi ni leo. Kesho, kisha ya mustari ya asubuhi, dosye, faili yako ya kufukuzwa, inaenda Makiso kwa wakubwa."

Nephtali alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengine saba au nane ya kusema, na yote aliyajua. Mdomo ukajifunga. Benie hakugeuka kumtazama. Alisema "Oui, mon capitaine," akarudi mahali pake.

Basi jioni ile Nephtali alikula heshima mpaka akashiba. Trésor alimletea sahani ya fufu na maharage ya madesu kabla hajanyanyuka. Moïse, yule wa kumcheka, alikaa karibu naye kwenye ubao na kumwambia, "Papa, leo umetufundisha kitu. Mi nitaandika jina yako mwezi huu, mbele ya wote." Wengine wakaitikia. Kile alichokitafuta kwa miezi miwili kilikuwa mezani, cha moto. Akasukuma sahani.

Jua lilikuwa bado halijazama alipomkuta Benie mlangoni pa chumba cha wasichana, akikunja nguo. Alikunja vizuri, pindo kwa pindo.

"Benie. Juu ya nini haukusema ni mimi nilikukataza?"

"Niseme nini, papa? Ulikuwa chef?"

"Hapana, lakini..."

"Mi nilikuwa chef. Ulinipatia shauri, mi nikaamua. Shauri ilikuwa mubaya, mi nikaikamata." Aliweka shati ndani ya begi. "Bon. Ni yangu."

Hakulia, wala hakumkasirikia. Angekasirika, Nephtali angepata pa kushika. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, kila taka hutupwa kwake. Lakini jioni ile jaa alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na mkubwa alisimama mlangoni akiwa safi.

Alitembea kuzunguka uwanja mara mbili. Miaka tisa alimlaani luteni ambaye hakusikia shauri la mtu mzima. Sasa Mungu amempa chef aliyesikia, na tazama alichomfanyia. Hakuwaza kwa maneno mazuri hivyo. Aliwaza tu kwamba alikuwa amempitisha mtoto wa watu kwenye njia mbaya, kwa makusudi, ili yeye apone. Alimwogopa Gertrude. Aliogopa mwaka wa arobaini. Aliogopa hasa kuwapoteza wale vijana waliomletea sahani, na hofu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtia aibu kuliko zote. Akaenda kubisha kwa kapiteni.

Alisimulia yote, hata sauti aliyotumia, hata neno "papa yako". Kapiteni Séverin alisikiliza bila kuandika.

"Juu ya nini haukusema yote saa kumi?"

"Niliogopa, mon capitaine."

"Ulisema nusu inayokupandisha."

"Ndiyo, mon capitaine."

Kapiteni alifungua faili mbili juu ya meza. "Yeye, blâme moja, juu alidanganya. Lakini anabakia. Weye, hii ni ya tatu, na unajua. Kesho asubuhi utasema hii yote mbele yao, kama vile umeniambia. Chef wa siku bado ni yeye mpaka saa mbili. Yeye ndiye atakutoa."

Asubuhi kulikuwa na ukungu kutoka mtoni, na mstari ulinyooka. Nephtali alisema yote, kwa Kiswahili chake cha Yanonge, bila kutia Kifaransa. Alipofika pale alipomwambia binti afunge daftari, Moïse alishusha macho chini akaanza kutazama viatu vyake. Trésor alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na baba yake. Hakuna aliyemtetea safari hii. Aliziona nyuso zao zikimfungia moja baada ya nyingine, na hakuwalaumu.

Benie alisimama mbele. Macho yalikuwa mekundu, maana kumbe usiku alilia, lakini sauti haikutikisika.

"Candidat Likinda!"

"Présent!"

"Toka katika mstari. Rudisha silaha, beba vitu vyako. Dakika kumi. Exécution!"

Hapakuwa na papa, hapakuwa na tafadhali. Nephtali alimpigia saluti. Amepiga saluti maelfu katika maisha yake, nyingi kwa ajili ya nyota za begani tu, na huyu hakuwa na nyota hata moja. Mkono ulipanda wenyewe. Alijua, na ilimuuma kujua siku anayoondoka, kwamba binti huyu ndiye ambaye yeye angekubali kumfuata hata kwenye lile bonde la mashariki.

Alipewa dakika kumi. Alipita langoni zikiwa zimebaki tatu.