Cherehani wa Masjala

Walimwita Cherehani kwa sababu ya vidole vyake. Katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi miaka tisa, ukisimama nje ya mlango ulisikia trrr moja isiyokatika, ukadhani ndani kuna fundi nguo. Kurasa arobaini kwa siku hazikumtoa jasho. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani miezi minne, na katika miezi hiyohiyo mama yake, aliyekuwa akiishi naye na mumewe, akaanza kuvimba miguu. Hospitali wakasema ni figo. Ikabidi apelekwe mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine.

Kwa hiyo lilipotoka tangazo la karani wa masjala, mkataba wa miaka miwili, bima ya matibabu kwa mfanyakazi na wazazi wake, hakuuliza swali hata moja. Mumewe, seremala asiyejua hata kukunja shati, siku ile alimpigia pasi sketi kwa mkono wake mwenyewe.

Masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo. Chumba kirefu, madirisha membamba karibu na dari, ukiinua macho unaona miguu ya wapita njia. Meza tatu. Nyuma yake kulikuwa na chumba kingine, kikubwa zaidi, kilichojaa majalada ya watumishi waliostaafu, maelfu kwa maelfu, yamefungwa kwa kamba na kulaliana kwenye rafu. Cherehani alikuwa ameajiriwa ayaingize kwenye kompyuta. Ila kibali cha mradi kilikuwa hakijatoka. Mpaka kitoke, kazi yake ilikuwa kuandika barua zinazoingia kwenye daftari. Barua zilishuka saa mbili na nusu, saba au nane. Siku ya kwanza, kabla ya saa tatu, alisimama mbele ya meza ya mkuu wa masjala, mama mmoja mpole mwenye miwani mizito.

“Nimemaliza, mkuu.”

“Zote?”

“Zote.”

“Basi pumzika, dada.”

“Nipumzike nini, na ndiyo kwanza nimefika?”

Mkuu akacheka sana. Alidhani ni utani.

Meza ya tatu ilikuwa ya karani mkongwe waliyemwita Bwana Muhuri, kwa jinsi alivyougonga muhuri kama anayeua mende. Huyo ndiye aliyemhurumia. “Binti yangu,” alimwambia wiki ya pili, “ofisini mtu hatembei mikono mitupu. Beba jalada. Hata ukienda chooni, beba jalada.”

“Na nikirudi?”

“Beba jingine.”

Kutoka haikuwezekana. Getini kulikuwa na kijimashine cha kubonyeza kidole, unaingia saa mbili, unatoka saa kumi na moja, na ukikosa siku mbili mkataba unavunjika. Simu zilikatazwa. Gazeti lilikatazwa. Kusinzia ndiyo usiseme. Alisoma maandishi ya mtungi wa kuzimia moto hadi akayajua kwa moyo. Alihesabu matundu ya dari, akapoteza hesabu, akaanza upya bila kinyongo, maana muda alikuwa nao. Ilipofika saa nane mchana viungo vilimuuma kama aliyebeba mawe, na hakuelewa kwa nini.

Nyumbani walimwona anavyorudi amenywea. Wifi yake alizoea kumtania: “Wifi yangu siku hizi ni mtu wa ofisi, anakula kivulini!” Mumewe alimkemea dada yake. “Hujui kazi ya kichwa wewe. Mwone alivyochoka.” Kisha, mikono yake mwenyewe imechubuka kwa randa, akamketisha kwenye kochi na kumkanda miguu. Cherehani aliitazama ile mikono, akafumba macho. Alitaka kusema. Kila jioni alitaka kusema.

Mwezi wa tano wa kazi uvumilivu ulimwishia. Alimwomba Bwana Muhuri ufunguo wa chumba cha nyuma, akisingizia anafuta vumbi, akaanza kutengeneza orodha kwenye kompyuta: jina la mtumishi, namba ya jalada, rafu. Hakutumwa na mtu. Alianza na rafu ya mlangoni, akaenda nayo. Trrr ikarudi. Wiki ya kwanza majalada mia tano, ya pili mia saba. Alianza kusikia njaa mchana kama binadamu wengine. Wiki ya saba alifika ukutani, akafunga jalada la mwisho, na peke yake mle ndani, nywele zimejaa vumbi, akacheka kwa sauti.

Siku tatu baadaye akaja bibi mmoja, muuguzi mstaafu, viatu vya raba na mkoba wa plastiki. Alitaka barua ya kuthibitisha miaka yake ya kazi. Ilikuwa safari yake ya tatu.

“Jaza fomu, mama, urudi baada ya wiki tatu,” alisema Bwana Muhuri, bila ubaya, ndiyo utaratibu.

“Nilijaza. Mara mbili.”

Cherehani akamuuliza jina. Akaliandika kwenye kompyuta, akaingia nyuma, akatoka. Dakika nne hazikufika. Bibi alilipokea jalada kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike, akalifungua na kukuta picha yake ya usichana imebanwa kwa pini.

“Nilikuwa na shingo hii mimi?” akasema. Wote watatu wakaicheka ile shingo.

Bibi hakufunga mdomo huko nje, na nani angefunga? Kesho yake walikuja wazee kumi na mmoja, wamejipanga hadi kwenye ngazi, wanamuulizia yule dada wa haraka.

Mkuu alimwita, akafunga mlango.

“Nani alikutuma?”

“Hakuna, mkuu. Nilikuwa nimekaa.”

Mkuu akavua miwani, akaifuta muda mrefu. “Ule mradi tumeuombea watu sita na miezi thelathini. Wewe umefanya peke yako, wiki saba. Huko juu wakijua, mradi umekufa. Ukifa, mkataba wako umekufa nao. Na wa Bwana Muhuri, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Sikugombezi. Nakuambia tu mambo yalivyo.”

“Na wale walioko kwenye ngazi?”

“Watajaza fomu.”

Alinyoosha mkono kuomba ufunguo. Cherehani alikuwa na jibu, tena kali, limefika kooni kabisa. Akamwona mama yake kwenye kile kiti cha hospitali, mrija wa damu mkononi, bima imekatika, muuguzi anauchomoa. Akauweka ufunguo mezani.

“Nimeelewa, mkuu.”

Jumapili iliyofuata alimfuata mumewe karakanani, nyuma ya nyumba, akamkuta anapiga msasa mguu wa meza.

“Mimi sifanyi kazi,” alisema.

“Umefukuzwa?”

“Ningefukuzwa ningekwambia siku ileile. Nakaa. Nusu mwaka umepita, nakaa tu kwenye kiti.”

Mumewe alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. “Na miguu yote hiyo niliyokukanda?”

“Nisamehe.”

Akaweka msasa chini. Akauliza taratibu, “Sasa unaumwa wapi?” Cherehani akafungua mdomo, akakosa pa kuonyesha.

“Acha kazi,” mumewe akasema. “Tutajua la kufanya.”

Mlangoni kulikuwa na mama yake, ameshika fremu, pumzi fupifupi. Alikuwa amekuja kuota jua.

“Nimesikia,” mama akasema. “Mwanangu, achana na hiyo mashine yangu ya damu. Chumvi niliyokula inatosha.”

“Mama, nyamaza!”

Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mama yake neno hilo. Mama akanyamaza kweli. Akageuka, akarudi ndani kwa kushikashika ukuta, na seremala akaenda kumshika mkono.

Mkataba ulipoisha, mkuu alimsomea tathmini yake: mtulivu, msikivu, hana usumbufu. Alipewa miaka miwili mingine, na kibali cha mradi kilikuwa bado. Bwana Muhuri alimpa mkono wa pongezi. Cherehani aliweka sahihi kurasa zote nne bila kuzisoma.

Siku hizi mumewe hamkandi tena miguu. Hukaa naye tu kwenye kochi, na wifi akianza utani wake humkata kwa jicho. Mama bado yupo, Jumanne na Ijumaa anapelekwa hospitali, anarudi amechoka lakini anarudi.

Jumatatu ya kwanza ya mkataba mpya, Cherehani alibonyeza kidole getini saa mbili kamili. Barua zilikuwa tano. Aliiandika ya kwanza kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri wa polepole, akaweka kalamu chini. Juu dirishani miguu ya watu ilikuwa inapita kwa haraka zake. Aliitazama nusu saa nzima, ndipo akafungua ya pili.