Vidonge vya Bibi kwenye Kopo la Samli

Mpaka leo nikifungua kopo la samli, kabla sijafikiria ugali wala mlenda, namkumbuka bibi yangu na vidonge vyake vya presha.

Tulikuwa Kasansa, miaka ya tisini, familia ya Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameandikiwa dawa hospitali huko Mpanda: kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Hayo maisha yote ndiyo yaliyomchosha. "Ng'ombe akichomwa sindano anapona, anarudi machungani," alilalamika. "Ugonjwa gani huu wa kunilisha dawa mpaka kaburini?"

Baba alinipa mimi kazi ya kuhakikisha amemeza. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona muuguzi kamili. Nilisimama mbele yake na kikombe cha maji, mkono mmoja kiunoni, naye alinitii huku macho yakinicheka.

Masika yalipoingia, wanaume walifunga ngitiri, ile sehemu ya malisho ambayo ng'ombe hawaikanyagi mpaka kiangazi, ili majani yapumzike na kustawi. Siku ileile Bibi aliniita jikoni.

"Na mimi nafunga," alininong'oneza. "Mwili ukizoea dawa, siku ikikosekana si nitaanguka? Ngoja upumzike kidogo. Ila baba yako usimwambie."

Niliona ni akili kubwa. Kila asubuhi kidonge kilikwenda kwenye kopo tupu la samli, na Baba akiuliza kama amemeza, nilijibu "Amemeza" bila kupepesa macho. Nilipenda sana kuwa na siri na mtu mzima.

Asubuhi moja alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, nami nikisikiliza ule mlio niliouzoea. Ghafla ukanyamaza. Nilipogeuka, kibuyu kilikuwa chini, na Bibi naye, mdomo umekwenda upande.

Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi. Baba alilikuta kopo, akalitikisa, akaniangalia. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kabla hajasema kitu, Bibi akasema kwa ulimi mzito, "Mwache mtoto. Mimi ndiye niliyefunga."

Kwa miaka mingi nilimwona mjinga, Mungu anisamehe. Nilikuja kuelewa nikiwa mama. Kila masika barabara ya Mpanda ilikatika, na dawa ziliisha kwa wiki kadhaa bila wa kuleta nyingine. Bibi alikuwa anajizoesha siku ambazo sisi hatukutaka kuziwaza. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Alikosa tu mtu wa kukaa naye, amsikilize mpaka mwisho, kisha amwambie kwamba presha haina ngitiri.

Mwaka uliofuata Baba alileta dawa za kutosha kabla ya mvua. Bibi alimeza kwa mkono wa kushoto, kisha akanitolea ulimi nihakikishe.

Sasa presha ninayo mimi. Kila asubuhi nikishameza, najikuta natoa ulimi, peke yangu jikoni, nikimwonyesha.