Mushipa wa ku Kiwiko cha Tharcisse

Bidole mbili bya Tharcisse bya mukono wa kushoto, kale kadogo na jirani yake, bilikuwa binalala na habiamuke tena. Alikuwa anabipiga ku meza, anabifinya, mpaka akaomba muke wake Glodie abilume.

«Unasikia?»

«Ongeza.»

«Nikiongeza, tata, nitameza.»

Tharcisse ni kreuzeri, anachimba shaba na kobalti kule karibu na mugodi wa Mashamba. Ndani ya shimo hakuna kusimama. Mutu analala ubavu, anajitegemeza ku kiwiko cha kushoto na kushika tindo na mukono ule ule, mukono wa kuume unapiga nyundo. Na ili kiwiko kisichoke, kila mutu anakifunga na shambrea, ule mupira wa ndani ya gurudumu ya pikipiki. Muamba, mwenzake wa shimo, njo alimufundisha: «Kaza mpaka damu ikuogope.» Bidole bilipoanza kufwa, Tharcisse alifanya nini? Akakaza zaidi.

Kisha tindo likamuponyoka, likapita karibu na kichwa ya Muamba. Akaenda ku dispanseri, bakamwambia pengine batamupasua kiwiko. Kupasua! Tangu siku ile alikuwa anaona tu mukono ya kuning'inia, na batoto banalala na njaa. Kazi ingine hana.

Glodie akasikia kama kuko Dokta Blandine mu Kolwezi, mwenye mashini inaweza kujua kama mushipa wa ku kiwiko, ule wa kufanya bidole bisikie, umekuwa mugumu. Akamupandisha ku pikipiki kwa nguvu.

Dokta akamupandisha mukono ya shati, akaona ile shambrea.

«Hii ni nini?»

«Ya kusaidia, mama Dokta.»

Dokta akachukua makasi, akaikata. Chini yake ngozi ilikuwa na mufereji. Akapakaa mafuta ya baridi, akaweka kale kichwa kadogo ka mashini ku mukono.

«Mama Dokta, hii si ya bamama benye mimba?»

«Ni ndugu yake. Usicheke, unatikisika.»

Akamwelezea: mashini inatuma mutikisiko mudogo. Mu kitu kilaini unaenda polepole, mu kigumu unakimbia. Ku kioo ya mashini, buluu ni laini, nyekundu ni mugumu, sawa bukari, ule ugali wetu, ya leo na ya jana. Akaanza na mukono muzima: buluu. Akapita wa kushoto, chini ya kiwiko: buluu. Juu: buluu. Nyuma ya kiwiko, pale pa shambrea, pakawaka nyekundu.

Tharcisse akafunga macho. «Mutakata?»

«Ngoja. Finya kidole yangu.» Akafinya. «Nguvu ingaliko. Mushipa haukukatika, umebanwa pa kipande kimoja tu. Sipasue kitu. Usifunge tena, usilalie kiwiko, usiku nyoosha mukono. Utarudi, tutaangalia kama ile nyekundu inapunguka.»

Kule inje, Glodie alimuangalia uso kabla ya kuuliza, akakaa ku benchi, akatoa pumuzi moja murefu. Tharcisse akasikia njaa, njaa ya kweli, ya mutu mwenye mikono mbili. Akapigia Muamba.

«Bamekupasua?»

«Bamekata shambrea tu. Njo ilikuwa inaniua.»

Sauti ya Muamba ikashuka.

«Ndugu, na miye kidole kangu kale kadogo kanalala, tangu masika…»

«Wewe? Na ulikuwa unaniambia nikaze?»

«Sasa ningefanya nini?»

«Fungua hiyo kitu, kisha ukuje huku. Mashini haiume.»