Majivu ya Tawamana

Tawamana ni dada wa mama yangu, na kwetu sisi Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, huyo naye ni mama. Tangu utoto wangu ndiye anayeshuka bondeni kutoka kijijini kwetu, juu ya mlima bapa, kukata vichaka vya chumvi. Majivu ya vichaka hivyo ndiyo yanayotoa rangi ya buluu kwenye unga wa mahindi tunapopika piki, mkate wetu mwembamba kama karatasi. Ukikosea kichaka, mkate unatoka wa kijivu.

Mwaka huu macho yake yamepungua nguvu. Harusi ya binti yangu Talasi ilipokaribia, nilimwomba tushuke pamoja. Akakataa. Alisema ataenda peke yake, na piki ikitoka ya kijivu, hatashuka tena maisha yake. Nilijua hatanii. Nikamfuata kwa mbali, nikijibanza nyuma ya miti ya mireteni, nikamwona akikata pia pakanga, kichaka kichungu ambacho majani yake yana rangi ya vumbi kama ya kichaka cha chumvi.

"Toka huko, Kuwanmana," akasema bila kugeuka. "Unahema kama punda."

Nyumbani alikaa chini na mzigo wake, akaonja jani la kila tawi. Lenye chumvi aliliweka. Lililo chungu alilitema, akasema huyu si wetu, akatupa tawi. Rundo la kutupwa likazidi kukua.

Tukachoma yaliyobaki. Akachuja majivu kwa maji, akayamimina kwenye unga. Ukabaki na rangi ya maji ya kuoshea vyungu.

"Bibi, mbona hivi?" Talasi akauliza.

"Koroga. Mkono wako umelala."

Talasi akakoroga, mama Tawamana akaongeza majivu kidogo, na polepole buluu ikapanda kutoka chini mpaka ikaenea bakuli zima. Nikawasha moto chini ya jiwe, tukaanza kupika piki.

Harusi ilipofika, mashangazi wa bwana harusi walikuja na ndoo za matope, kama desturi yetu ya utani ilivyo, wakatupaka hadi masikioni. Walimwita Talasi mvivu, wakasema anasaga mahindi kama mtu anayejikuna upele.  Piki yetu waliila kwa mikono ile ile ya matope, wakaomba nyingine.

Juzi mama Tawamana alishuka tena bondeni. Nilisimama ukingoni nikimtazama anavyozunguka mawe, kisha nikakumbuka nimeacha nyama jikoni, nikarudi ndani.