Kiganja Penye Moshi

Fundi wa magari wa mtaa wa Dilala hakupenda kuambiwa gari linaumwa nini. "Muache yenyewe iseme," alizoea kujibu, kisha anaweka kiganja penye bomba la moshi, anakinusa, anainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Abedi, dereva wa lori, alikuwa akimtazama na kujiuliza anasikia nini hasa.

Asubuhi ile Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama Fundi, walipofukuzwa mjini, Abedi alikuja kumpeleka Fundi stesheni ya treni. Fundi na mkewe walikuwa wameshakaa nyuma ya lori juu ya magodoro yao, lakini motere, injini ya lori, ilitetemeka kama mwenye homa. Fundi akashuka.

"Tata, mzee wangu, panda tu, tutafika," Abedi akamwambia.

"Haitafika. Iko inavuta hewa pa kubaya."

Alinusa kiganja, akapapasa mipira ya kupitisha hewa mpaka akapata uliopasuka, akaufunga kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe. Motere ikatulia. Ndipo wakasikia nyimbo za vijana waliokuwa wakija kuwafukuza. Fundi akainamisha kichwa upande uleule.

"Ule mwenye kuimbisha ni Mwenze," akasema, huku akifunga boneti polepole. "Umuambie pikipiki yake aliniletea nitengeneze ilishapona. Iko nyuma ya nyumba."